Simba wa Mkanda wa Pili

Mapema katika The Lion King II: Simba's Pride, binti wa mfalme anavuka mpaka aliokatazwa kuuvuka. Huko anakutana na mtoto wa kiume wa upande wa pili. Mamba wanawakurupusha, wanaponea chupuchupu, kisha wanatajiana majina. Mmoja ni Kiara, mwingine ni Kovu. Kwa mtoto wa Ohio au Manchester, hilo la pili ni jina tu lenye mlio wa kigeni. Kwa mtoto wa Tanga au Mombasa, siri ya filamu imeshamwagika. Adui wa filamu ya kwanza aliitwa Scar, na Scar kwa Kiswahili ni kovu. Mzee amekufa, jina lake limerudi kwa mlango wa nyuma likiwa limevaa lugha nyingine, na aliyemtilia mtoto yule jina hilo alijua anachofanya.

Filamu hiyo ilitoka tarehe 27 Oktoba 1998, na haikupita kwenye majumba ya sinema ya Marekani. Ilikwenda moja kwa moja kwenye kanda za video, rafu moja na mazoezi ya viungo na katuni za Krismasi. Wahakiki wengi wa huko hawakuipa hata nusu ya heshima waliyoipa The Lion King ya mwaka 1994. Kwa picha na kwa muziki walikuwa na haki. Lakini liko jambo moja ambalo mkanda huu wa pili ulilifanya na filamu ya kwanza haikuthubutu, na wenye masikio ya kulisikia ni wale wanaojua Kiswahili.

Kuogopa sehemu ya pili ni ugonjwa wa zamani katika nyumba ya Disney. Mwaka 1933 Walt Disney alitoa katuni fupi ya Three Little Pigs, ile ya nguruwe watatu na mbwa mwitu, na nchi nzima ikapagawa nayo. Wasambazaji wakaja juu: tuletee nguruwe wengine. Akawaletea, mara moja mwaka 1934, tena 1936, tena 1939. Hakuna hata moja iliyofika nusu ya ile ya kwanza, naye akabaki akisema kwamba nguruwe hawapitwi kwa kuongeza nguruwe. Kwa miongo kadhaa baada ya hapo studio yake ikatengeneza filamu ndefu za katuni bila kuziendeleza. Ilipojaribu mwaka 1990, kwa The Rescuers Down Under, majumba ya sinema yalikaa nusu tupu.

Kilichobadilisha hesabu si sanaa, ni deki ya video. Mwezi Mei 1994 kampuni ilitoa The Return of Jafar, mwendelezo wa Aladdin ya 1992, kwa kanda peke yake. Ilitengenezwa na idara ya televisheni, si na studio kuu, na kwa fedha za televisheni. Robin Williams, ambaye sauti yake ndiyo iliyokuwa roho ya lile jini la taa, hakuwemo. Nafasi yake alipewa Dan Castellaneta. Michoro ilikuwa ya haraka, rangi bapa. Pamoja na hayo yote, Marekani peke yake kanda zaidi ya milioni 10 zilinunuliwa. Mzazi aliyechoka jioni ya Ijumaa haulizi nani amechora vivuli.

Kuanzia hapo mlango ukawa wazi. Zikafuata za Beauty and the Beast, Pocahontas, The Little Mermaid na Cinderella, mpaka Bambi aliyekuwa amelala tangu 1942 akaamshwa mwaka 2006. Watazamaji wa Bongo Movie hawatashangazwa na biashara hii. Katika miaka ya DVD, watengenezaji wa Dar es Salaam walijifunza kuikata hadithi moja katikati, penye kilio, ili mteja arudi dukani kununua Part Two. Tofauti ni kwamba wa Dar walikata hadithi ambayo haijaisha. Wa Marekani waliongeza juu ya iliyokwisha, tena iliyokwisha vizuri.

Na ya simba ilikuwa imekwisha vizuri kweli. Cha kuchekesha ni kwamba yenyewe ilianza kama mtoto wa kambo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 studio ilikuwa na filamu mbili jikoni kwa wakati mmoja, Pocahontas na hii ya simba, na wachoraji wengi wenye majina waliikimbilia Pocahontas kwa kuamini ndiyo itakayoleta tuzo. Waliobaki na simba walikuwa mchanganyiko wa vijana na wachache waliopenda kuchora wanyama. Viongozi wao walifunga safari hadi Kenya, wakatembea katika Hifadhi ya Hell's Gate karibu na Naivasha, wakachora miamba na nyasi. Kutoka kwa mwongozaji wa watalii wakaokota maneno mawili ambayo yangewapa wimbo na baadaye fulana: hakuna matata.

Maneno hayo hayakuwa mapya masikioni mwa watalii. Them Mushrooms wa Mombasa walikuwa wameyaimba katika "Jambo Bwana" mwaka 1982, na Boney M wakayabeba hadi Ulaya mwaka uliofuata. Mtanzania wa kawaida husema hakuna shida, au hamna shida, na akisikia mtu anatamka hakuna matata hutazama kama ana kamera shingoni. Hata hivyo kampuni iliyaandikisha Marekani kuwa alama yake ya biashara kwa ajili ya nguo. Maombi yalipelekwa mwaka 1994, usajili ukakamilika 2003, na mwisho wa 2018 kelele zikazuka mtandaoni, zikiongozwa na mwanaharakati wa Zimbabwe, kwamba lugha ya watu imefungiwa kabatini.

Filamu ilitoka Juni 1994. Waongozaji walikuwa Roger Allers na Rob Minkoff, nyimbo zikatungwa na Elton John na Tim Rice, muziki wa nyuma ukapangwa na Hans Zimmer. Sauti ya kwanza kabisa inayosikika, ile inayopasua macheo kabla ya jua kujitokeza, ni ya Lebo M wa Soweto, naye anaimba Kizulu. Kwa hiyo hadithi yenye majina ya Kiswahili inafunguliwa kwa Kizulu, chini ya mlima wenye theluji unaofanana na Kilimanjaro, ikiwa na nguchiro wa jangwa la Kalahari na nyani mwenye uso wa misitu ya Afrika ya Kati. Ni Afrika ya kuchanganya sufuria moja. Mapato ya sinema yalipita dola milioni 750 katika mzunguko wa kwanza. Pocahontas ilipotoka mwaka uliofuata haikufika nusu yake. Zikafuata Oscar mbili za muziki, na kanda za video zaidi ya milioni 30.

Kanda hizo zilikuwa na maana ya pekee huku kwetu. Tanzania Bara ilipata vituo vyake vya kwanza vya televisheni mwaka huohuo wa 1994. Katika nyumba nyingi runinga na deki ya video viliingia karibu pamoja, na mtoto aliyekuwa na mjomba Ughaibuni au duka la kukodisha kanda mtaani alimjua Mufasa, baba wa Simba, kabla ya kumjua mtangazaji wa taarifa ya habari. Filamu ya kwanza na ya pili ziliwafikia watoto kama hao kwa njia moja: plastiki nyeusi, picha inayotetemeka ukingoni, sauti inayovutika pale mkanda ulipoliwa na deki. Hawakuwa na habari kwamba moja ni ya sinema kubwa na nyingine ni ya rafu ya chini.

Tofauti ya mikono ilionekana lakini. Mkanda wa pili ulichorwa kwa sehemu kubwa Sydney, katika tawi la Disney la Australia, chini ya mwongozaji Darrell Rooney. Wachoraji wake walikuwa hodari, ila walikuwa na muda na bajeti ya watu wengine. Katika filamu ya 1994, lile kundi la nyumbu linaloporomoka korongoni na kumfikia Mufasa lina urefu wa dakika mbili na nusu hivi, na kikosi kidogo cha mafundi wa kompyuta kililifanyia kazi zaidi ya miaka miwili. Mkanda wa pili hauna kitu cha kusimama mbele ya hilo. Una moto wa nyasi na vita kwenye mvua, lakini jicho linaona wapi simba wa nyuma wamesimama kama sanamu wakisubiri zamu yao. Zazu, ndege msumbufu aliyesemwa na Rowan Atkinson, sasa ana koo la Edward Hibbert. Nyimbo nazo zimetoka kwa mikono mingi, na unaweza kuusikia mshono.

Lakini ukiacha rangi ukatazama hadithi, mkanda huu si mvivu. Ya kwanza ilikuwa imekopa kwa Hamlet: ami muuaji, baba anayetokea mawinguni, kijana anayesitasita. Ya pili ikaenda kabati lilelile la Shakespeare ikatoa Romeo and Juliet. Simba sasa ni mfalme na ana binti, Kiara. Wafuasi wa Scar amewafukuza hadi nchi kavu ya ng'ambo ya mto, wakiongozwa na jike aitwaye Zira, ambaye analea mwanawe Kovu kwa kusudi moja: aingie kwa mfalme, amuue, akalie kiti. Kovu anaingia. Kisha anampenda binti.

Hapo ndipo waandishi walipofanya jambo la kijasiri. Staringi wa filamu ya kwanza amegeuka kuwa kizuizi cha ya pili. Simba tuliyemlilia akiwa mdogo, yule aliyejificha chini ya mkono wa baba yake aliyekufa, sasa ni mzee mwenye hofu anayemhukumu kijana kwa sura na ukoo. Katika tukio moja anaota jinamizi: Mufasa ananing'inia ukingoni, Simba ananyoosha mkono, Scar anamzuia, na Scar akigeuka uso wake ni wa Kovu. Mtazamaji anaelewa hofu yake bila kuikubali. Filamu chache za watoto huthubutu kumtendea hivyo shujaa wao.

Mahali pazuri pa kuzipima filamu hizi mbili ni kwenye dimbwi la maji. Katika ya kwanza, Rafiki, yule nyani, anamburuta Simba mkubwa usiku kupitia vichaka hadi penye maji yaliyotulia, anamwambia atazame. Simba anaona uso wake tu, anakata tamaa. Rafiki anagusa maji, mawimbi yanatawanyika, na yakitulia uso uliopo ni wa Mufasa. Ndilo jibu la filamu nzima: wewe ni mwana wa baba yako, rudi ukachukue chako. Wachoraji wa Sydney walilijua dimbwi hilo na wakalirudia kwa makusudi. Kovu amefukuzwa, wanyama wote wanamzomea kwa wimbo wa kumkana, anakimbia huku jicho linamuuma kwa alama aliyochorwa na makucha ya mama yake. Anainama kwenye maji, na anayemtazama kutoka chini ni Scar. Maji yaleyale yaliyompa Simba ufalme yanamhukumu Kovu. Kama damu ndiyo inayosema mtu ni nani, basi kijana huyu amekwisha kabla ya kuanza. Baadaye kidogo yako maji ya tatu, Kiara na Kovu wakiwa wamesimama bega kwa bega, na nyuso zao zinaungana nusu kwa nusu mpaka zinafanya simba mmoja. Ni mbinu rahisi, kweli. Lakini ni majibizano halali na filamu ya kwanza, na yamefanywa kwa picha pasipo hotuba.

Mikono pia inajibizana. Scar alikita makucha kwenye viganja vya kaka yake, akamnong'oneza, akamwachia. Mwishoni mwa mkanda wa pili Zira yuko katika hali ileile, juu ya mto uliofurika, na Kiara ndiye anayeshuka kumnyooshea mkono. Zira anakataa. Anaanguka.

Na kukataa huko kumo ndani ya jina lake. Filamu ya 1994 ilitumia Kiswahili kama mapambo mazuri ya ukutani. Simba ni simba, Rafiki ni rafiki, Pumbaa amepumbaa, Sarabi ni mazigazi, Shenzi ni tusi ambalo watu wa pwani waliwatupia wa bara kabla ya Mzungu kuliokota na kuwatupia wote. Majina yanapendeza, lakini ukiyaondoa hadithi haitikisiki. Pengine ndiyo maana vitabu vya majina ya watoto vikajiamulia mambo, na hadi leo mzazi wa Marekani anaweza kuambiwa kwamba Nala ni Kiswahili chenye maana ya zawadi, habari ambayo hakuna Mswahili aliyepata kuisikia nyumbani kwake.

Mkanda wa pili ulifungua kamusi kwa nia nyingine. Kuzira ni kususa, kukataa chakula kwa hasira, kuchukia kwa kununa. Mwanamke aliyefukuzwa na akakataa katakata kusamehe, hata pale mkono wa kuokolewa ulipofika puani, hakuna jina lingemkaa vizuri zaidi. Wimbo wake mkubwa ni bembelezi, wimbo wa kulazia mtoto, isipokuwa anayelazwa ni yeye mwenyewe kwa ndoto za kulipiza kisasi. Mwanawe mkubwa, mwenye manyoya yaliyokatika, anaitwa Nuka, na hilo halihitaji maelezo. Bintiye ni Vitani, nomino ya vita yenye kiambishi cha mahali, kana kwamba mtoto huyo amezaliwa ndani ya mapigano na hajapata kutoka. Na Kovu, tumeshamtaja: jina ambalo ni jeraha lililopona vibaya, alilopewa kabla hajapata jeraha lolote. Ni baadaye sana ndipo mama yake anapomkwaruza jicho, na uso ukalingana na jina. Mtazamaji wa Kiingereza anaona ajali ya kifamilia. Wa Kiswahili anaona deni lililoandikwa siku ya kuzaliwa likidaiwa.

Kamusi, hata hivyo, haitoshi kumfanya mtu msemaji. Katikati ya filamu Rafiki anawachukua vijana wawili na kuwaimbia juu ya mahali paitwapo Upendi, neno ambalo, anaeleza, maana yake ni mapenzi. Upendo lipo. Mapenzi yapo, na upendano upo. Upendi hakuna. Kinachokaribia ni hupendi, yaani wewe huna upendo, na kwa msemaji anayemeza h, wala si wachache kutoka Mrima hadi Kongo, matamshi ni mamoja kabisa. Basi wapenzi wawili wanazungushwa chini ya mwezi na ngoma nzito huku babu mwenye fimbo akiwaambia kwa furaha kwamba hawapendi. Irabu moja ya mwisho imekula harusi. Bado, ni kosa la mtu aliyejaribu kupika, na mwenye nyumba anaweza kucheka bila kukasirika.

Jambo jingine huenda walilipatia bila kukusudia. Mtafiti George Schaller alipowachunguza simba wa Serengeti kati ya 1966 na 1969, aliandika yale ambayo wafugaji wa jirani walikuwa wakiyaona siku zote: wenye nchi ni majike. Binti hubaki katika kundi la mama zake, na dume kijana hufukuzwa, hurandaranda, kisha huja kujaribu bahati kwenye kundi la wengine. Filamu ya kwanza, pamoja na safari yote ya Naivasha, ilisimulia mwana wa kiume anayerithi mwamba wa baba yake, mambo ya Denmark. Ya pili ina binti mrithi na dume mgeni anayekuja kutoka nje akiwa na kovu usoni. Mwongozaji wa watalii wa Seronera angeitambua mara moja. Angeongeza tu kwamba dume mgeni halisi huua watoto wa aliyemtangulia, na hapo mzazi angezima deki.

Kwa upande wa muziki hakuna mashindano, ila wimbo wa kufungulia wa mkanda wa pili una historia ya kuchekesha. "He Lives in You" haukutungwa kwa ajili yake. Lebo M na wenzake walikuwa wameutoa mwaka 1995 katika albamu ya Rhythm of the Pride Lands, kisha ukapanda jukwaani Broadway Novemba 1997, katika mchezo wa The Lion King ulioongozwa na Julie Taymor. Mkanda wa bei nafuu ukauchukua ukiwa bado wa moto. Ndiyo sababu dakika zake za kwanza, Kiara akiinuliwa mwambani mbele ya wanyama, hazionekani duni mbele ya zile za 1994: katika hizo, angalau, aliyebeba sauti ya Afrika hajabadilishwa.

Mwisho wa biashara yenyewe haukuchelewa. Mwaka 2004 ilitoka filamu ya tatu ya simba, ikisimuliwa na Timon, yule nguchiro, na mwenzake Pumbaa. Mwaka 2006 Disney iliinunua Pixar, John Lasseter wa Pixar akapewa usimamizi wa katuni zote, na mfululizo wa kanda za kuendeleza filamu za zamani ukakatwa. Tawi la Sydney lilifungwa mwaka huohuo. Simba wakaenda televisheni katika The Lion Guard, kuanzia 2015, na safari hiyo watengenezaji waliajiri mtaalamu wa Kiswahili. Inasikika: wahusika wanasema hevi kabisa, na wanaisema mahali pake. Sinema yenyewe ilirudi 2019 kwa picha za kompyuta, ikavuna zaidi ya dola bilioni 1.6.

Desemba 2024 ikaja Mufasa, ya mwongozaji Barry Jenkins, inayorudi nyuma kuonyesha utoto wa Mufasa na wa ndugu yake, ambaye kabla ya kuitwa Scar anaitwa Taka. Hadithi yote inasimuliwa na Rafiki, usiku wa mvua, kwa mtoto mmoja wa kike. Mtoto huyo ni Kiara, binti wa Simba, kwa sauti ya Blue Ivy Carter. Miaka 26 ilikuwa imepita tangu atokee kwa mara ya kwanza kwenye rafu ya chini, na sasa yuko kwenye kioo kikubwa kuliko chote, akimuuliza mzee maswali juu ya babu yake. Kovu hayumo. Yeye angali kwenye mkanda.